Karakana imejaa unyevu kusi hii, niwashe jiko la makaa ndani?

FundiLangoni: Assalam aleikum wakubwa. Mimi seremala, niko Lamu, nafanyia kazi chumba cha chini cha nyumba ya mawe ya zamani, dirisha ni moja tu la kichochoroni. Tangu masika yaingie mambo yamenishinda. Juzi jioni mvua imeacha tu nikapuliza sila (ile dawa ya kuziba na kung'arisha mbao) kitanda cha mvule, kabla sijamaliza ubavu wa pili ule wa kwanza ushapiga weupe kama maziwa, na mteja anakitaka wiki hii. Patasi nazo nikipaka mafuta usiku asubuhi zina vidoa vya kutu. Nataka nifunge mlango na dirisha niweke jiko la makaa usiku kucha vitu vikauke, kuna aliyejaribu?

MbaoMalindi: Waaleikum salaam. Usiwashe ndugu yangu, nakuomba sana. Makaa chumba kikifungwa yanatoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, kichwa kinauma kidogo halafu usingizi unakuchukua ndio basi. Kijana wangu wa kazi tulimkuta ameanguka karibu na mlango, mkono uko kwenye komeo, tukambeba nje kwenye upepo ndio akazinduka. Na hapo una thina ya kuzimulia sila, mvuke wake ni mzito kuliko hewa unatambaa sakafuni, ukifika kwenye kaa la moto nyumba imekwenda.

MtuWaShela: Mimi niko Sweden mwaka wa sita, huku winta ndio shida ni baridi kweli, gundi nyeupe ya mbao chini ya nyuzi 10 hivi haishiki inabaki unga kama chaki, kwa hiyo watu wanaziba kuta na dari kwanza ndio watie hita, la sivyo joto lote linatokea paani. Lamu hata Julai baridi hiyo hakuna, adui yako ni maji yaliyo hewani. Hata jiko la gesi usitie, gesi ikiungua inatoa mvuke wa maji, utaongeza unyevu juu ya unyevu.

MbaoMalindi: Hapo umesema. Ule weupe ni hivi, thina inaruka haraka inapoza mbao, basi maji ya hewani yanajishika juu kama jasho la chupa ya soda. Puliza saa nne mpaka saa tisa jua likiwa limetoka, dirisha wazi, na uulize dukani thina ya kukauka polepole. Kilichopiga weupe usikikwangue, ngoja siku kavu upulize thina koti jembamba sana, mara nyingi unaondoka. Vyombo vitie kabatini na balbu ya zamani ya uzi wati 40, sio LED maana haina joto, usiku na mchana haifikishi uniti moja ya umeme, ila maranda yakae mbali nayo. Na mbao zako usiegemeze ukutani, ukuta wa matumbawe una chumvi na chumvi inavuta maji, weka vigogo chini zipate hewa.

FundiLangoni: Allah awalipe. Jiko nimerudisha jikoni. Leo saa tano jua limewaka nikapuliza thina kama ulivyosema, weupe ukawa unayeyuka naona kwa macho yangu, ile rangi ya mvule ikarudi. Chini ya tendegu moja pamebaki alama kama kucha, kesho saa nne napiga msasa 320 pale nipulize upya.