Jezi za Ndanda zinaota ukungu na namba zinanata, zitunzweje huku pwani?

Mwanakuchele wa Shangani
Wakuu, nina jezi za Ndanda, timu yetu ya Mtwara, tangu ilipopanda Ligi Kuu 2014/15 hadi iliposhuka 2019/20, na moja ya Namungo ya msimu ule ule ilipofika fainali ya Kombe la FA na Simba. Zote zimo kwenye sanduku la bati. Kila masika zinaota ukungu makwapani, na namba za mgongoni zimeanza kugandana. Tiketi nazo nataka nizipige lamineshani. Mnashaurije?

Fundi Jezi
Mkuu, anza na hilo sanduku. Bati linashika joto mchana, usiku likipoa linatoa jasho kwa ndani. Ukungu unapenda unyevu huo pamoja na jasho la mwili lililobaki kwapani.

Toa jezi nje, upangusie ukungu huko huko kwa brashi kavu ili usiusambaze chumbani. Loweka nusu saa kwenye lita 4 za maji ya baridi na kikombe kimoja cha siki nyeupe. Suuza, kisha fua kwa mkono na sabuni isiyo kali, jezi ikiwa imegeuzwa ndani nje. Jiki usiiguse: inaharibu rangi, na ikikutana na siki inatoa gesi ya sumu. Anika kivulini penye upepo, ukianza asubuhi, na usikunje mpaka mishono ya kwapa na kola iwe mikavu kabisa. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Namba zilizogandana usizivute kwa nguvu. Ni plastiki iliyobandikwa kwa joto, na joto ndilo linaloilainisha tena. Funga jezi kwenye mfuko, weka friza saa moja, halafu ibandue taratibu kuanzia pembeni ingali baridi. Ikishatoka, namba isikunjwe katikati. Tandika kitambaa cha marekani juu yake, kisha viringisha jezi. Gazeti halifai, wino unahama. Pasi isipite juu ya namba.

Mzee wa Mikindani
Naongezea: ondoa naftalini kama umeweka. Nondo hana shida na poliesta, na mvuke wa vidonge vile unalainisha plastiki ya namba. Sanduku la mbao au kabati lenye matundu linatosha, mradi liwe mbali na ukuta wa nje. Kipupwe kikifika, kusi likiwa kavu, fungua kila kitu kipate hewa.

Karani wa Lindi
Lamineshani acha kwanza! Kwaruza ukingo wa tiketi kwa ukucha, upande wenye maandishi. Ukucha ukiacha alama nyeusi, hiyo ni karatasi ya joto, inayogeuka nyeusi ikipata moto, kama risiti ya EFD ya dukani. Mashine ya lamineshani itaigeuza nyeusi tii. Ipige picha leo hii maana inafifia hata ikiwa kabatini. Hata zile za wino wa kawaida, ukishazipiga lamineshani hazibanduki tena.

Mwanakuchele wa Shangani
Shukrani. Ya Namungo nikiiweka kwenye fremu ya kioo?

Fundi Jezi
Sawa, ila kioo kisiguse kitambaa. Acha nafasi ya sentimita 2. Ishikize kwa uzi kwenye mishono ya mabega, gundi hapana. Ukuta uwe ule usiopigwa jua, la sivyo rangi itapauka upande mmoja.