Meneja ananitishia viza: sheria ya Uingereza inanilinda vipi?

Jumatano, 13 Novemba 2024
Kutoka: Msimamizi

Ndugu zangu, habari za kutwa. Nawaletea swali la dada yetu aliyeomba jina lake lisitajwe.

"Nafanya kazi ya uangalizi kwenye nyumba ya wazee, kaskazini mwa England, kwa viza ya kudhaminiwa na mwajiri wangu. Tangu tarehe 20 Agosti meneja wangu ananifokea mbele ya wazee, anaiga lafudhi yangu wenzangu wacheke, na rota ikitoka, shifti za usiku za wikiendi zote ni zangu. Nilipomwomba aniheshimu akanijibu: 'Napiga simu moja tu, unarudi kwenu.' Sijafikisha mwaka kazini. Je, nina haki yoyote?"

Jumatano, 13 Novemba 2024
Kutoka: Leicester

Pole sana dada. Mimi ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kazini kwetu, na malalamiko ya namna hii yananifikia mara kwa mara.

Hapa hakuna sheria ya uonevu kazini peke yake. Ukienda mahakama ya kazi ukasema tu "bosi ananionea," hawana kifungu cha kukupokelea. Kinachofungua mlango ni sababu ya uonevu wenyewe. Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza unyanyasaji unaohusiana na rangi, utaifa, asili, dini, jinsia, umri, ulemavu na mwelekeo wa kimapenzi. Kuiga lafudhi yako na kukuambia "unarudi kwenu" kunagusa asili yako moja kwa moja. Kwa hiyo kwenye malalamiko yako rasmi andika maneno yake kama alivyoyatamka, kwa Kiingereza kilekile, kisha useme wazi kwamba unaona yanahusu asili yako. Wakikulipizia kisasi kwa kulalamika, hilo nalo ni kosa chini ya sheria hiyohiyo.

Kutofikisha mwaka kusikutishe. Miaka 2 kazini inahitajika kwenye kesi za kawaida za kuachishwa kazi isivyo haki. Kwenye unyanyasaji wa aina hii unalindwa tangu siku ya kwanza.

Sasa tarehe, na hapa nakusihi unisikilize. Muda wa kufungua kesi ni miezi 3 kasoro siku 1 tangu tukio. Tukio la tarehe 20 Agosti mwisho wake ni 19 Novemba, yaani Jumanne ijayo! Matukio yanayofuatana yanaweza kuhesabiwa kama mfululizo mmoja hadi la mwisho, ila hilo ni la hakimu kuamua, usiliwekee dhamana. Watu wetu wengi wamepoteza haki zao wakisubiri barua ya "uchunguzi unaendelea," kumbe uchunguzi wa kampuni hausimamishi muda. Kinachousimamisha ni kuwaarifu Acas, wale wa usuluhishi, na ni lazima upitie kwao kabla ya mahakama. Acas ni bure. Mahakama ya kazi nayo haitozi ada tangu Julai 2017, chama cha wafanyakazi cha UNISON kilipoishinda serikali katika Mahakama ya Juu.

Leo hii anza daftari nyumbani, si kwenye kompyuta ya kazini. Kila tukio: siku, saa, chumba, maneno, nani alikuwepo. Rota zote zipige picha, zako na za wenzako, maana zinasema zenyewe. Na ukiitwa kwenye kikao cha malalamiko, unayo haki ya kuingia na mwenzako wa kazini au mtu wa chama.

Alhamisi, 14 Novemba 2024
Kutoka: Birmingham

Naongezea la viza, maana ndilo linalotufunga midomo. Meneja hana uwezo wa kufuta viza ya mtu. Mwajiri anaweza kuripoti kwamba ameacha kukudhamini. Wanaofuta ni Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani, na kwa kawaida wanakuandikia wakikupa siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine. Siku 60 ni chache, sikatai, kwa hiyo anza kutafuta ukiwa bado kazini. Lakini hiyo "simu moja" yake ni vitisho tu, na iandike daftarini pamoja na mengine.

Tena kina dada mjue: tangu 26 Oktoba mwaka huu mwajiri ana wajibu wa kuzuia unyanyasaji wa kingono kabla haujatokea. Akizembea na kesi ikathibitika, fidia inaweza kuongezwa kwa hadi asilimia 25.

Alhamisi, 14 Novemba 2024
Kutoka: Belfast

Wa huku Ireland ya Kaskazini, Sheria ya 2010 haituhusu. Tuna sheria zetu za ubaguzi, na usuluhishi ni Labour Relations Agency, si Acas.

Jumamosi, 16 Novemba 2024
Kutoka: Msimamizi

Dada anawashukuru sana. Fomu ya Acas ameituma jana usiku baada ya shifti, na namba ya uthibitisho anayo. Anauliza kama kuna anayejua nyumba ya wazee upande wa Yorkshire yenye leseni ya udhamini na inayoajiri sasa. Mwenye habari aniandikie mimi, nitamfikishia.