Kadi ya stimpanki kwa baba aliyefanya kazi kwenye garimoshi: karatasi inajikunja na magurudumu ya meno yanabanduka

Muulizaji, Nakuru

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mwezi ujao baba yangu atatimiza miaka 75, nami nimeamua kumtengenezea kwa mkono kadi ya pongezi ya mtindo wa stimpanki, ule unaochukua mitambo ya Uingereza ya karne ya 19, yaani boila, ribiti (misumari mifupi ya kuunganishia mabati), saa na mabomba ya shaba, na kuifanya kuwa pambo. Baba aliajiriwa katika reli akiwa kijana, miaka ya mwisho ya magarimoshi ya mvuke, akawa mtia moto kwenye yale makubwa yaliyopewa majina ya milima. Mpaka leo, birika likianza kuchemka, huinamisha kichwa na kulisikiliza.

Nimekwama katika mambo matatu. Manila niliyoipaka chai ya rangi ili ionekane kuukuu imejikunja kama ganda la mgomba lililokauka. Magurudumu ya meno niliyoyatoa katika saa mbovu niliyabandika kwa gundi nyeupe, na asubuhi niliyakuta yote yamelala ndani ya bahasha. Tena rangi ya dhahabu niliyoinunua dukani inang'aa kama karatasi ya peremende. Mchoro wangu una garimoshi, rundo la makaa ya mawe nyuma yake, na magurudumu matatu ya meno yaliyoshikana kwa pembetatu juu ya magurudumu ya treni. Naomba msaada wenu.

Mwalimu wa sanaa, Morogoro

Dada, hongera kwa nia hiyo. Manila imejikunja kwa sababu umeilowesha upande mmoja. Upande huo ulitanuka, ule mwingine ukabaki vilevile. Usiipake chai manila yenyewe. Chukua karatasi nyepesi ya kuandikia, itumbukize yote katika chai iliyokolea na kupoa, ianike mpaka ibaki na unyevu kidogo, kisha ilaze katikati ya vitambaa viwili safi na uikandamize kwa vitabu vizito usiku kucha. Ikishakauka ndipo uibandike juu ya manila kavu kwa gundi iliyopakwa nyembamba sana. Kabla ya kukunja kadi, pitisha kalamu iliyokwisha wino kwenye mstari wa kukunjia, ukiielekeza kwa rula, na mkunjo hautapasuka.

Kuhusu rangi, nakushauri uiache kabisa ile ya dukani. Kata kipande cha karatasi ya aluminiamu ya jikoni, kikunje mara mbili, kiweke juu ya gazeti lililokunjwa, na upande wa nyuma bonyeza nukta kwa ile kalamu isiyo na wino. Ukikigeuza utaona safu ya ribiti zilizotuna. Kisha paka rangi nyeusi ya viatu na uipanguse mara moja kwa kitambaa. Weusi utabaki katika mabonde na kuzunguka kila ribiti, na vichwa vya ribiti vitang'aa kidogo, kama chuma ambacho mkono wa mtu umekigusa kwa miaka mingi. Ukitaka kikaribie shaba, tangulia na rangi ya kahawia iliyozimuliwa. Rangi tulivu ya namna hiyo, iliyotiwa kwa mkono, ina haki yake hapa, kwa kuwa jina la stimpanki ni la mwaka 1987, alilolipendekeza mwandishi K. W. Jeter wa Marekani, lakini kadi ya salamu yenyewe ni ya enzi hiyo ya mvuke: ile ambayo Henry Cole aliiagiza London mwaka 1843 kwa ajili ya Krismasi ilipigwa chapa na kisha kupakwa rangi kwa mkono.

Fundi saa, Mombasa

Mwanangu, gundi nyeupe hushika vizuri pale inapoweza kunyonywa, na shaba hainyonyi kitu. Isitoshe, magurudumu ya saa yana mafuta, hata kama huyaoni. Yaoshe kwa spiriti, yakauke, kisha tumia gundi ya mafundi viatu: paka kidogo pande zote mbili, subiri mpaka isinate kidoleni, ndipo ugandamize. Lililo bora zaidi ni kupitisha uzi au waya mwembamba katika tundu la gurudumu na kulifunga nyuma ya karatasi. Magurudumu ya saa ya mkononi ni madogo mno kwa kadi. Tafuta saa ya mezani ya kutia ufunguo, lakini usiifungue kabla fundi hajailegeza springi, kwa maana springi iliyojaa ikifyatuka inaweza kukukata. Nakuomba pia usikwangue kamwe saa kuukuu ambayo namba zake zilitengenezwa zing'ae gizani. Nyingi za zamani zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yenye mionzi hatari, na vumbi lake si la kuvutwa pumzi.

Sasa niseme lililoniuma. Magurudumu mawili yaliyoshikana huzunguka kinyume, moja kulia na jingine kushoto. Ukiongeza la tatu likayashika yote mawili, hakuna hata moja litakaloweza kugeuka. Pembetatu uliyoichora ni mtambo uliokwama, na mzee aliyeishi na mitambo ataliona jambo hilo kabla hajasoma jina lake kwenye kadi. Yapange kwa mstari.

Mchoraji, Nairobi

Namuunga mkono fundi, nami naongeza jambo. Magarimoshi yenye majina ya milima ni Garratt za daraja la 59, yaani magarimoshi marefu yenye boila katikati na seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma, zilizotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock katika miaka ya 1950. Nimekaa mara nyingi mbele ya mojawapo, namba 5918, Mount Gelai, katika Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, nikiichora. Zilichoma mafuta mazito, kwa hiyo ondoa rundo la makaa ya mawe. Baba yako alikuwa akirekebisha moto kwa vali. Wala magurudumu ya garimoshi hilo hayaendeshwi kwa meno. Pistoni husukuma fito, na fito huzungusha magurudumu.

Kwa hiyo peleka magurudumu ya meno kwenye pambo la pembeni, kuzunguka umri wake, na mahali pa treni weka fito inayotembea kweli. Garratt nzima haitaenea; chora nusu ya mbele tu, yenye magurudumu mawili madogo, makubwa manne, kisha dogo moja. Kwenye kadi ya A5 iliyolazwa, kata magurudumu makubwa ya milimita 28, vituo vyake vikiachana kwa milimita 32, na uyafunge kwa zile pini za ofisini zenye miguu miwili. Toboa kila gurudumu milimita 8 kutoka kituoni, kisha kata fito ya manila yenye matundu manne yaliyoachana kwa milimita 32 zilezile. Vipimo hivyo viwili visipolingana, hakuna kitakachozunguka. Miguu ya pini ifiche kwa karatasi ya pili. Rangi ya mwili iwe nyekundu iliyoiva, ya damu ya mzee, kama walivyozipaka Reli za Afrika Mashariki.

Muulizaji, Nakuru

Nawashukuru nyote, na fundi shikamoo. Karatasi imetoka imenyooka, na ribiti za aluminiamu zimenishangaza. Nimejaribu fito kwa magurudumu mawili kwanza. Inazunguka, ila inapofika mahali fulani gurudumu la pili husita, na mara nyingine hurudi nyuma.

Mchoraji, Nairobi

Hukukosea vipimo, dada. Husita pale fito inapolala kwenye mstari mmoja na vituo vya magurudumu, kwa sababu hapo gurudumu la pili halina la kuliambia liende upande gani. Garimoshi lenyewe hulikwepa jambo hilo kwa kuwa fito za upande wa pili zimetangulia kwa robo ya mzunguko: za kushoto zikikwama, za kulia zinasukuma. Nawe fanya hivyo nyuma ya karatasi. Acha pini, ekseli iwe kijiti cha kuchokolea meno kilichogundishwa katikati ya gurudumu na kupenya karatasi, na kwa nyuma ugundishe juu yake kigurudumu kingine chenye tundu lililogeuzwa robo mzunguko, kisha uunganishe vigurudumu hivyo kwa fito ya pili. Ukifunika, kadi itanenepa kwa milimita chache, basi mkabidhi baba mkononi badala ya kuituma kwa posta.