Wanaofundisha Python Arusha na Moshi, acheni kugawa requirements.txt isiyo na namba za matoleo!

Wakuu, hili limetuchosha. Mwanafunzi wa Sakina au Pasua anapewa faili hilo la orodha ya maktaba za kusakinisha, limeandikwa numpy, pandas, torch, basi. Pip, programu inayosakinisha maktaba za Python, ikikuta jina tupu inashusha toleo jipya kabisa linalokubali Python iliyopo. Faili lililokwenda vizuri mwaka jana leo linaleta mchanganyiko mwingine, halafu mtoto wa watu anaambiwa kompyuta yake mbovu. Sio mbovu!

Angalieni hii inayosumbua kila darasa. NumPy 2.0 ilitoka Juni 2024 na kuvunja maktaba zilizojengwa kwa NumPy 1. Mwalimu kaandika pandas==2.0.3, numpy kaiacha tupu. Pandas hiyo haikuwekewa kikomo cha juu cha numpy, kwa hiyo kwenye Python 3.11 pip inaingiza NumPy 2 bila kulalamika, na hata `pip check`, inayokagua kama maktaba zinapatana, inasema kila kitu shwari. Ukifika kwenye `import pandas` ndipo unatupiwa "numpy.dtype size changed, may indicate binary incompatibility". Dawa ni `pip install "numpy<2"`, unapata 1.26.4. Msiziache hizo alama za kunukuu. Kwenye Linux ukiandika numpy>=1.26 bila alama, terminali inachukulia > kama amri ya kuandika faili: inakutengenezea faili linaloitwa =1.26 na numpy inaingia ya toleo lolote.

Wenye Python 3.12 wanateswa zaidi. NumPy ya kwanza kuikubali ni 1.26. Ukilazimisha 1.24, pip inakosa .whl (kifurushi kilichokwishajengwa), inachukua .tar.gz (msimbo ghafi) na kujaribu kujenga yenyewe, inaanguka na ukurasa mzima wa makosa, mara nyingi ikitajwa distutils, zana ya zamani ya kujenga vifurushi, ambayo 3.12 imeiondoa. Wekeni `--only-binary=:all:` ili ikatae mapema kabla ya kupoteza muda.

Na yeyote anayejibu kila swali kwa `--break-system-packages`, yaani kulazimisha pip iingize maktaba kwenye Python ya mfumo, aache kabisa. Ubuntu 24.04 inakataa kwa sababu mfumo wenyewe unaitegemea Python hiyo. Tengeneza venv, yaani mazingira ya Python yaliyotengwa kwa mradi mmoja: `python3 -m venv mradi`, kisha `source mradi/bin/activate`, umemaliza.

Halafu bando. Kwenye Linux, `pip install torch` inavuta na vifaa vya CUDA (programu za kutumia kadi ya Nvidia), zaidi ya GB 2, kwa kompyuta isiyo na kadi ya Nvidia! Bando la nani linaungua hapo? Ongezeni `--index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu`.

Tunachodai ni hiki: taja toleo la Python ubaoni, fungua venv mpya, sakinisha, endesha somo lote mpaka mwisho, ndipo uandike matoleo yote kwenye faili kwa `pip freeze > requirements.txt`. Kisha `pip download -r requirements.txt -d vifurushi` (kama kuna torch ya CPU, ongeza `--extra-index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu`), mara moja tu, kwenye mtandao wa darasa. Folda ipite kwa flashi, kila mtu asakinishe kwa `pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt`. Wa Windows na wa Linux wawe na folda tofauti, maana .whl za maktaba kama numpy na torch haziingiliani.