Keneli ya 2021 bado inaendesha seva tunayolipia, na tiketi wameifunga mara tatu!

Wadau, nimeamka na hasira, mnivumilie.

Nina wateja wanne, wawili wana maduka Luthuli Avenue. Tovuti zao ziko kwenye seva ya pamoja ya kampuni moja hapa Nairobi. Jana usiku niliingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuiendesha kutoka mbali) nikaandika uname -v, amri inayoonyesha tarehe keneli ilipojengwa. Keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux unaoendesha seva, ilijengwa Desemba 2021! Uptime, yaani muda tangu iwashwe: zaidi ya siku elfu moja. Nikafungua tiketi ya malalamiko kwao. "Tulishasasisha," wakaifunga. Ya pili wakaifunga kimya. Ya tatu wakajisifu kwamba seva yao haijawahi kuzimwa.

Hilo ndilo tatizo lenyewe! Ukisakinisha keneli mpya, umeiweka kwenye diski tu. Inayofanya kazi ni ile ya zamani mpaka mashine iwashwe upya. Viraka vya kubandika keneli ikiwa hai nimewauliza, hawana. Na asije mtu kuniambia marekebisho huingizwa kwenye toleo la zamani bila namba kubadilika. Najua, ndiyo maana niliangalia tarehe.

Keneli hiyo ina Dirty Pipe, hitilafu ya usalama yenye namba CVE-2022-0847. Faili ikisomwa, keneli huiweka kwenye kumbukumbu (RAM) kwa kurasa, kwa kawaida za baiti 4096. Paipu, yaani njia ya kupitisha data kati ya programu, inaweza kuazima ukurasa huo huo bila kuunakili. Tangu toleo la 5.8, kuna alama ndani ya paipu iliyokuwa haifutwi, ikabaki na thamani ya matumizi yaliyopita. Basi ukiandika kwenye paipu, maandishi yako yanaangukia kwenye ukurasa wa faili ambayo una ruhusa ya kuisoma tu. Mpangaji yeyote wa seva ile anaweza kugeuza /etc/passwd, faili ya orodha ya watumiaji, akawa root, mwenye mamlaka yote ya seva! Tena keneli haioni kwamba ukurasa umeguswa, kwa hiyo badiliko linaweza lisifike kwenye diski kabisa. Ukizima mashine, ushahidi umekwenda.

Rekebisho lilitoka Februari 2022, kwenye 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Hitilafu hii iligunduliwa na Max Kellermann, naye ni mtu wa kampuni ya kuhifadhi tovuti, Ujerumani. Alianzia kwenye lalamiko la mteja: faili iliyobanwa ya kumbukumbu za matukio ya seva (log) inakataa kufunguka. Zikaja nyingine za aina hiyo. Akafuata baiti chache zilizoharibika mpaka ndani ya keneli. Lalamiko la mteja! Hawa wangu hata amri moja niliyowaandikia hawakuijaribu.

Nilichoomba ni kuwasha upya saa nane usiku, dakika chache. Maduka yale yana majina na namba za simu za wanunuzi humo ndani.

Jumamosi nahamisha zote nne. Nani anajua kampuni hapa Nairobi itakayonionyesha uname -v kabla sijalipa?