Kahawa imeiva na wachumaji hawapatikani: je, ning'oe mibuni?

Kihamba cha Juu: Wakuu, naombeni ushauri. Nina kihamba, yaani shamba la ukoo, cha ekari mbili Kibosho, Kilimanjaro, nilichoachiwa na marehemu baba. Zamani, msimu ukichanganya, vijana walibisha hodi alfajiri wakiomba kuchuma, na wengine tuliwarudisha kwa sababu kazi haikuwatosha. Mwaka huu nimezunguka siku nne nikapata akina mama wawili tu, huku kahawa ikikaukia mtini. Je, ning'oe mibuni nipande parachichi?

Babu Machame: Vijana wa leo wanataka pikipiki. Sisi tulichuma kabla ya kwenda shule, na vidole vilinata utomvu hadi darasani.

Daftari: Mtoa uzi, debe unalipa kiasi gani?

Kihamba cha Juu: Bei ya kawaida ya huku.

Daftari: Kawaida ni shilingi ngapi?

Kihamba cha Juu: Elfu moja na mia tano, tangu 2018. Lakini natoa chai na ndizi, na mbolea nayo imepanda. Isitoshe, nimeshalipia miche sitini ya parachichi.

Dada wa Maua: Mimi niliacha kuchuma nikaenda mashamba ya maua Usa River. Mshahara ni mdogo, ila naujua unaingia lini. Debe lako hutegemea mvua na hisia za mwenye shamba.

Daftari: Mchumi Arthur Lewis, mzaliwa wa Saint Lucia, alieleza mwaka 1954 kwamba, maadamu kijijini kuna mikono iliyozidi kazi, viwanda hupata watu bila kupandisha ujira, lakini ziada hiyo ikiisha ujira hupanda, shambani pia. Viwanda vya Guangdong nchini China vilianza kulalamikia uhaba wa wafanyakazi mwaka 2004. Nchi yetu haijafika huko, kwani wasio na kazi bado wamejaa mijini. Ila kitongoji kimoja chaweza kuishiwa watu mapema, hasa kinapolipa bei ya 2018. Kahawa mbivu haingoji, na humenywa siku ileile iliyochumwa, kwa hiyo mchumaji ndiye mwenye nguvu, si wewe.

Mpita Njia: Mnajibu tangazo. Anayelilia kahawa angetaja parachichi katika ujumbe wa kwanza? Subirini namba ya simu ya kitalu.

Babu Machame: Kama ni tangazo, basi aseme mche ni shilingi ngapi, maana nami nina nafasi kando ya mfereji.

Dada wa Maua: Tangazo au si tangazo, mashimo sitini yatachimbwa na nani?

Kihamba cha Juu: Siuzi miche, jamani. Iko nyuma ya zizi, chini ya migomba, na mizizi imeanza kutoboa mifuko. Nimetangaza elfu mbili kwa kila shimo, na tangu Jumatatu hajaja mtu.