Naombeni ushauri: kunyofoa na kusaga nyama ya sungura ya kuweka friza

BintiUluguru:
Wakuu, heshima zenu. Nafuga sungura hapa Morogoro, New Zealand White na wachache chotara wa California. Kundi hili limefikisha miezi mitatu, wengi wamevuka kilo mbili, na chakula wanachokula sasa hakiwaongezei uzito kama mwanzo. Wateja wa huku hununua mmoja mmoja, tena wikiendi. Nataka niwachinje kwa awamu, nitoe mifupa, nisage, nigandishe kwa ajili ya sambusa na kababu.

Nyama nainyofoaje bila kuacha nusu yake kwenye mfupa? Vile vifupa vinanitisha, nina mtoto mdogo. Na umeme wa mtaani kwetu haukai. Naomba kuwasilisha.

BuchaMkongwe:
Dada, usinyofoe siku ileile ya kuchinja. Saa chache baada ya kuchinjwa nyama hukaza, na ukiisaga hapo inatoka ngumu. Mchune, toa matumbo, angalia nyongo isipasukie kwenye ini, osha, achuruzike maji, umweke kwenye friji (siyo friza) hadi kesho yake. Utamkuta amelegea.

Anza na miguu ya mbele. Haijaungwa na mwili kwa mfupa, ni nyama tu. Pitisha kisu nyuma ya bega inaachia yenyewe. Mgongoni kuna minofu miwili mirefu, ndiyo nyama bora kuliko zote. Chora kwa ncha ya kisu kando ya uti kutoka shingoni hadi kiunoni, kisha fuata mfupa taratibu huku kidole kikisukuma mnofu. Paja lipasue kwa ndani, ufuate mfupa mpaka gotini, uuzungushie kisu, utoke mzima.

Kisu kiwe kifupi, chembamba, kikali. Panga usilisogeze kabisa. Mfupa wa sungura ukivunjika unatoa ncha kama sindano, na ncha hizo ndizo za kuogopa kwa mtoto. Kabla ya kusaga, pitisha vidole kwenye kila kipande. Mbavu na shingo usihangaike navyo, chemsha supu. Nyama yake itabanduka ikiiva.

Mfugaji_Kiambu:
Naongezea kutoka huku Kiambu. Nyama ya chini ya goti imejaa kano, nayo iende kwenye supu. Kano hujifunga kwenye kisu cha mashine, nyama ikapondwa badala ya kukatwa. Ule utando mweupe unaong'aa mgongoni utoe pia. Vipande vitandaze kwenye trei, viingie friza kama nusu saa hadi kingo zikaze, na vyuma vya mashine viwekwe humo humo. Nyama ikiwa vuguvugu inatoka kama uji.

Sungura hana mafuta, kwa hiyo kila kilo weka gramu 100 hadi 150 za mafuta ya ng'ombe, saga pamoja.

JikoLaTanga:
Kwenye mafuta sikubaliani nawe, ndugu yangu. Nyama ikishachanganywa na mafuta huwahi kuchacha hata ikiwa friza. Kwa sambusa hayahitajiki hata kidogo, unakaangia tu na kitunguu na mafuta kidogo ya kupikia. Gandisha nyama tupu. Siku ya kababu ndiyo utie mafuta, yai na mkate uliolowekwa, haitakauka.

Mfugaji_Kiambu:
Kwa anayepika sambusa zaidi, hilo nalikubali. Mimi hupika kababu za mkaa tu.

AfyaYaMifugo:
Naomba msome hapa kwa makini. Ini likiwa na madoa meupe, mara nyingi ni koksidia (ugonjwa wa vimelea), litupeni. Kama sungura alipewa dawa, soma kwenye chupa muda wa kusubiri kabla ya kuchinja, na uuheshimu. Kusaga huingiza ndani vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama, kwa hiyo nyama ya kusaga iive mpaka katikati.

Fungasha nusu kilo nusu kilo, uibonyeze iwe bapa, toa hewa, andika tarehe. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri itumie ndani ya miezi mitatu au minne. Umeme ukikatika usifungue mlango: friza iliyojaa huhimili kama siku mbili, iliyojaa nusu kama siku moja. Nafasi tupu jaza chupa za maji, zigande. Ukikuta nyama bado ina barafu, igandishe tena. Ikiwa imeyeyuka na kupata joto, itupe.

BintiUluguru:
Mungu awabariki. Mashine sina. Nikaombe kusagiwa buchani?

BuchaMkongwe:
Nenda asubuhi kabla hawajaanza kusaga ya ng'ombe, na uione mashine ikioshwa. Lakini kwa kundi lako, tafuta ya mkono ya kufunga mezani. Sungura wa kilo mbili na nusu hunipa kama gramu 700 za mnofu, na mashine ya mkono inazimaliza upesi. Ukimaliza, ifungue yote uioshe papo hapo kwa maji moto na sabuni, kisha uikaushe, maana nyingi zinashika kutu.